Jina la Baba Mkwe

Migori ya miaka hiyo ya tisini ilikuwa na watu wenye midomo, lakini hakuna aliyejua kusifia mali yake kumshinda Yakub wa duka la vifaa vya ujenzi. Misumari ya wenzake ilikuwa misumari, yake ilikuwa "chuma halisi, hata kaburini inaenda." Alikuwa ametoka Garissa akiwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika, akaufungua mlango wake wa kwanza karibu na daraja la mto, na sasa Wajaluo wa mjini walimtania kwa Kijaluo naye akawajibu kwa Kijaluo cha kuuzia saruji. Mtu mwema, wallahi. Tatizo lake ni kwamba siri haikukaa kwake, ilipita tu kama mteja aliyekuja kuuliza bei.

Basi alipopata kompyuta, watu walikoma. Hukupita mbele ya duka ukapewa salamu peke yake. Salamu ilikuja na habari za kompyuta. Aliiweka nyumbani, sebuleni, juu ya meza ya pembeni, na mkewe Nasteha akaifumia vitambaa vyeupe vyenye ukingo wa buluu: kimoja cha kufunika kioo, kimoja cha kufunika kibodi, na kingine kidogo cha kile kidude kinachounganishwa na simu. Kidude hicho kila kikitafuta laini kilipiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, na Yakub alipenda wageni waisikie. Nasteha alikuwa akisema kimoyomoyo kwamba siku moja mume wake atamwita hata polisi wa barabarani aje asikie.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Yakub hakulisema kwa mtu. Pembeni mwa sebule hiyo palikuwa na kiti kidogo cha plastiki, rangi ya chungwa, ambacho hakukikalia yeyote. Kilikuwa cha binti yao aliyechukuliwa na malaria akiwa bado anajifunza kufunga viatu. Tangu siku ile jina la mtoto halikutajwa katika nyumba hiyo. Hakuna aliyelipiga marufuku. Ilianza kwa Yakub kushindwa kulisema, kisha mkewe akashindwa, na miaka ikapita. Kiti kilipanguswa vumbi kila asubuhi na kurudishwa mahali pake.

Kompyuta haikuwa ya urembo, ingawa Yakub aliishi nayo hivyo. Ilikuwa ya kazi, na kazi yenyewe aliifanya na mshirika wake, Mellen, ambaye watu wote walimwita Mama Robi kwa jina la binti yake wa kwanza. Mellen alikuwa Mkuria, aliyeolewa upande wa Kehancha na bwana mmoja mpole aitwaye Mirumbe. Serikali ilimpeleka Mirumbe huko Bonde la Lambwe kupambana na mbung'o, na mkewe akafungua ghala Homa Bay. Yeye ndiye aliyewajua wakulima wa Lambwe, nani mahindi yake yamekauka na nani anayanyunyizia maji ili yawe mazito. Yakub ndiye aliyekuwa na lori na wanunuzi. Walikuwa wamefanya biashara pamoja tangu watoto wao wako shule ya msingi, na hawakuwahi kupandishiana sauti hata mara moja.

Pesa zao ziliwekwa katika akaunti moja. Mwaka uliotangulia benki ilikuwa imeamua kuwapa wateja wachache ruhusa ya kutuma maagizo ya malipo kwa kompyuta kupitia laini ya simu. Fundi wa benki alikuja na disketi zake, akaziingiza moja baada ya nyingine, kisha akawaelezea: akaunti hii ina milango miwili. Kila mmoja ataandika neno lake la siri, na pesa hazitoki mpaka yaandikwe yote mawili. Neno hilo haambiwi mwenzako, haambiwi mume wala mke, na hata sisi benki hatuambiwi. Mtu akilikosea mara tatu, mlango unajifunga, mpaka nyinyi wenyewe mje kaunta na vitambulisho.

Yakub aliandika lake papo hapo, huku akilisema kwa midomo. Aliandika SUBIRA. Sasa, subira ni neno zuri, hata Mwenyezi Mungu analipenda, lakini ndilo lililokuwa limeandikwa kwenye paji la uso la lori lake kwa rangi nyekundu, herufi za ukubwa wa sahani, na lilisomwa kutoka Isebania hadi Rongo. Mellen alivuta kiti, akakaa, akasema, "Geuka, Baba Zubair." Yakub akageuka akitabasamu. Mama alikuwa akibonyeza herufi kwa kidole kimoja, taratibu, na kwenye kioo kila herufi ikatokea nyota badala yake. Alikawia. Alipomaliza alikaa kidogo akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu aliyepita mbele ya wakubwa.

Tangu siku hiyo akawa mkali juu ya ile mashine. Disketi ya kuazima isiingie humo, hata iwe na mchezo gani mtamu, kwa sababu hujui ililala wapi jana. Habari za akaunti zisifike mkahawani. Yakub aliitikia yote, halafu akaenda mkahawani. Alifikiri Mama Robi ana hofu ya watu wa shamba tu. Kompyuta ya watu wazima, mlango wa chuma, mwizi ataingilia wapi?

Aliingilia kwenye simu, mwezi wa Oktoba mwaka wa tisini na tisa.

Msimu ule Lambwe ilikuwa imejaliwa. Wakulima waliyatoa mahindi yao kwa Mellen kwa neno la mdomo tu, kwa kuwa hajawahi kuwaangusha. Lori lilienda na kurudi, mnunuzi akalipa, pesa zote zikawa zimeingia ndani ya ile akaunti. Jumamosi Mellen angekuja Migori kama kawaida, wangeandika maneno yao mawili, na malipo yangeenda tawi la Homa Bay ambako watu wa Lambwe walikuwa wakiyangojea. Kulikuwa na karo humo, na mabati, na mahari ya watu. Zikipotea, hapana msimu mwingine. Yakub angeweza kurudi kwenye misumari yake, lakini Mellen aliishi katikati ya watu hao, na angekutana nao kila siku ya maisha yake.

Alhamisi asubuhi simu ililia nyumbani kwa Yakub. Sauti ilikuwa ya bwana mmoja mwenye Kiswahili cha redioni, akajitambulisha kuwa ni Sammy, kutoka makao makuu ya benki, Nairobi. Akaulizia afya, akaulizia biashara, akaulizia na lori. Kisha akasema mzee bila shaka amesikia habari za mwaka elfu mbili. Yakub alikuwa amesikia, nani hakusikia? Hata makanisani na misikitini ilisemwa kwamba usiku wa mwaka mpya kompyuta zote duniani zitachanganyikiwa, zidhani tumerudi mwaka wa elfu moja na mia tisa. Basi, akasema Sammy, benki inawakagua mapema wateja wake wa heshima, wale walioendelea, na katika Nyanza yote wako wachache sana kama wewe mzee. Asipokaguliwa leo, akaunti itafungwa kwa miezi, na pesa zilizomo zitaganda.

Alivikwa kilemba cha ukoka, naye akainamisha kichwa ili kikae vizuri. Akatoa neno lake. Sammy akasikika akibofya huko aliko, akasema, safi kabisa, mzee, limekubali. Limebaki la yule mama. Akampa namba ya kumpigia akilipata, tena alipate haraka, kabla ya saa za kazi kwisha.

Yakub akapiga simu Homa Bay. Mellen alikuwa ghalani, akashika simu akiwa bado anahema kwa kazi. Yakub akamwaga maneno yote kwa mkupuo, mwaka elfu mbili, makao makuu, wateja walioendelea. Mellen alimsikiliza hadi mwisho, halafu akauliza swali moja ambalo Yakub hakulielewa maana yake wakati ule.

"Yeye ndiye amekupigia, ama wewe ndiye umempigia?"

"Yeye. Si nimekwambia? Kutoka makao makuu. Nipe tu hilo neno, Mama Robi, nimalizane naye."

"Hilo neno halipiti kinywani mwangu."

"Basi litaje herufi moja moja."

"Hata herufi."

Yakub akasema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwake, "Hata kwangu mimi? Miaka hii yote?"

"Hata kwa Mirumbe," Mellen akajibu. "Baba Zubair, usifanye kitu. Usimpigie. Nakuja."

Simu ikakatwa. Na jamani, binadamu ni kitu cha ajabu: katika maneno yote hayo, Yakub alisikia moja tu, kwamba hakuaminiwa. Lilimuuma. Alizunguka sebuleni akikusanya ushahidi wa wema wake. Nani aliyempa lori bure alipofiwa na baba mkwe? Nani alienda Kehancha na magunia ya mchele, akakaa matanga na Wakuria kama ndugu wa damu? Leo neno moja anafichwa kama mwizi.

Ni kule kuyakumbuka matanga ndiko kulikomponza. Alikumbuka kwamba siku ile jina la marehemu lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, wasemaji walilitaja, waimbaji walilitaja, hata yeye alilitaja akitoa rambirambi. Mellen peke yake hakulitaja. Alisema "mzee wa boma," alisema "babu yake Robi," na alipoulizwa na mgeni mmoja marehemu alikuwa akiitwa nani, alimshika mtoto mkono akamwambia amjibu yeye. Jirani alimweleza Yakub wakati huo: huku kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai awe mfu. Ni heshima. Akilitamka, kinywa kimepotoka.

Yakub akapiga paja. Halipiti kinywani mwangu! Kumbe ndilo hilo. Ile hasira ikageuka kuwa furaha ya mtu aliyefumbua kitendawili, na akaona sasa tatizo limekwisha bila kumsumbua mama wa watu. Mila imemfunga yeye, haijamfunga Yakub. Akachukua simu akampigia Sammy, akamtajia jina la mzee.

Jina lenyewe hapa halitaandikwa, na msomaji asiulize. Tumsitiri Mama Robi walau sisi.

Sammy akabofya. Akasema halikubali. Yakub akamwambia ajaribu kuweka r mahali pa l, maana Wakuria na herufi hizo wana mambo yao. Halikubali. Akamwambia basi aongeze a mwishoni, ndivyo waimbaji walivyokuwa wakilivuta. Sammy akabofya mara ya tatu. Kisha Kiswahili cha redioni kikamtoka Sammy chote, kikaja kingine cha mtaani, na Yakub akatukanwa yeye na mama yake na kompyuta yake. Simu ikakatwa.

Alibaki ameushika mkono wa simu. Mtu wa benki hutukana? Akapiga tena ile namba. Ililia sana, mwishowe akapokea mama mmoja ambaye nyuma yake zilisikika honi na makondakta. Akasema hapa ni kibanda cha simu, baba, karibu na steji. Yule kijana wa suti, aliyechomeka kompyuta yake ya kubeba kwenye laini yetu ya pili, ametoka sasa hivi, tena ameondoka bila kulipa.

Yakub akakaa chini, pale pale sakafuni. Nasteha akaja kutoka jikoni akidhani amepata ugonjwa. Machoni alikuwa akiwaona watu wa Lambwe wakifika tawini siku ya Jumamosi na kofia zao mkononi, wakiambiwa hapana kitu, na Mellen amesimama mbele yao. Alikuwa ametoa neno lake kwa mtu asiyemjua. Hilo lilikuwa ujinga. Lakini la pili lilikuwa baya kuliko ujinga: lile ambalo mwanamke alilifungia kifuani kwa heshima, yeye alimtajia mwizi mara tatu, tena kwa kumsaidia herufi. Maji yakimwagika hayazoleki. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

Mellen alifika mchana, vumbi la safari likiwa bado kwenye leso yake. Nasteha akamkaribisha, akaleta chai ya maziwa yenye hiliki, akaiacha mezani na kurudi mlangoni kusikiliza. Mellen hakugusa chai kwanza. Akamtazama Yakub, akamsalimia, akauliza nyumba yote imeshindaje, maana salamu ni salamu hata kama moto unawaka. Halafu akakaa.

"Kuna mtu amejaribu mlango wangu leo," akasema. "Ni nani?"

Yakub angeweza kudanganya. Akajibu, "Ni mimi niliyempa, Mama Robi. Nimelitaja jina la mzee."

Mellen akainamisha uso. Kidogo akauliza amelitaja mara ngapi. Yakub akasema mara tatu, na zile herufi. Akangoja aambiwe ushirika umekwisha. Badala yake aliona mabega ya mama yakianza kutikisika, akadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka hadi akachukua ncha ya leso akajifuta macho, na Nasteha kule mlangoni naye akashikwa na kicheko bila kujua anachekea nini.

Kisha akamweleza. Baada ya kuiweka simu chini kule Homa Bay, hakukimbilia gari. Alifunga ghala akaenda kwa miguu hadi kwenye tawi la benki, akasimama kaunta, kwa sababu sauti ya simu haina uso lakini kaunta ina watu. Akawaambia kuna mtu anaulizia maneno yetu. Binti wa kaunta, anaitwa Dolphine, akawauliza wakubwa wake, akarudi macho yamemtoka: mama, neno la mwenzako limeingizwa sasa hivi, limekubali. Lako limejaribiwa mara tatu, limekataa, na akaunti imejifunga. Hapana aliyetoa kitu. Pesa za Lambwe zilikuwa mahali pake, zote.

Yakub alishusha pumzi hadi akajiona mwepesi. Lakini hakuelewa. Kama si jina la mzee, ni lipi?

"Ni la mzee," Mellen akasema. "Lakini wewe umelitaja lile la watu."

Akanywa chai sasa, na kwa utulivu wa mtu anayesimulia habari za shamba akamwambia yaliyobaki. Yule mzee wa boma alipougua, wana wake walikuwa mbali na shughuli zao, akaletwa Homa Bay, na Mellen ndiye aliyemuuguza. Kimila hata kukaa naye chumba kimoja ni shida, lakini ugonjwa hauna mila. Siku za mwisho homa ilimpandisha hadi hakumjua aliye mbele yake. Alimdhania Mellen kuwa ni mama yake mzazi, akawa anamwomba maji, na kila akiomba alijitaja kwa jina ambalo mama huyo alikuwa akimwita utotoni, alipokuwa akichunga ndama. Mellen hakuwahi kulisikia kabla, na alipowauliza wazee, kwa kuzungukazunguka, hakuna aliyelijua. Waliolijua walikuwa wamekufa wote.

"Nilijua mtu akiona Mkuria ameolewa na kuna neno hasemi, atajua ni jina la nani," akasema. "Ufunguo ukiuweka chini ya jiwe ambalo mji mzima unalijua, hujaficha kitu. Kwa hiyo nikaweka lile ambalo kinywa changu hakiwezi kulitoa, na masikio ya watu hayajalisikia."

Yakub alimtazama mwanamke huyu ambaye alifanya naye kazi miaka mingi na kudhani anamfahamu. Alimwona upya, kwa kweli. Benki ilileta disketi na nyaya na kidude cha kulia kama paka. Mama huyu alileta heshima ya kwao, akaitia akili juu yake, na ndiyo iliyozuia. Akampenda kama mtu anavyompenda dada mkubwa aliyemkinga na fimbo. Akamwuliza kwa nini hakumweleza tangu mwanzo.

"Nikueleze, kesho nilisikie mkahawani?"

Hilo alilimeza, na chai juu yake. Stahili yake.

Ijumaa walienda pamoja Homa Bay kwenye kaunta na vitambulisho vyao. Yakub, kwa kutaka kuonyesha kwamba yeye ndiye mwenyewe hasa, akamwinamia Dolphine na kuanza kumnong'oneza lile neno lake la zamani. Binti akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. "Mzee, usiniambie. Sisi hatuulizi, na ukituambia hatutaki kujua." Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na mwenye lori la SUBIRA akacheka nao, ingawa masikio yake yalikuwa ya moto. Dolphine akaifungua akaunti, akawapa maagizo: kila mmoja achague neno jipya nyumbani, kwenye mashine yenu, peke yake.

Jumamosi asubuhi Nasteha aliondoa vitambaa vyake, kidude kikapiga kelele zake, na safari hii Yakub hakumwita mtu aje kusikia. Mellen akatangulia. Yakub akageuka bila kuambiwa. Alipomaliza, mama akampisha kiti, akasimama akitazama dirishani, mgongo kwake.

Yakub akaweka vidole juu ya kibodi. Aliwaza jina la duka, akaliona kwenye ubao barabarani. Aliwaza jina la mwanawe Zubair, akajisikia mwenyewe akiitwa hivyo kutwa nzima. Neno ambalo kinywa hakiwezi kulitoa. Mtu kama yeye, ambaye kila kitu kilimtoka, alikuwa na neno gani asiloweza kulisema? Akainua macho, na macho yakaenda pembeni, kwenye kiti kidogo cha chungwa.

Yule mtoto hakuweza kulitamka jina lake mwenyewe. Lilikuwa refu kwa ulimi wake, akalikata katikati, akaligeuza, akawa anajiita kwa namna yake akiwa amekaa pale kitini, kila akitaka kubebwa. Majirani hawakulijua, kaka yake alilisahau. Walilikumbuka watu wawili tu duniani, yeye na mkewe. Yakub akabonyeza herufi ya kwanza, ikatokea nyota. Akabonyeza ya pili. Ya tatu ikabidi aitafute. Alipofika mwisho kioo kikamwambia, kama kinavyomwambia kila mtu, aliandike tena kwa uhakika. Akaliandika tena. Miaka yote hiyo hakuthubutu, na leo mara mbili. Machozi yakamwagika yenyewe, akayaacha.

"Umemaliza, Baba Zubair?" Mellen akauliza kutoka dirishani.

Mama hakugeuka, na hakuuliza tena. Akaendelea kutazama nje mpaka aliposikia amepenga kamasi, ndipo akaja, wakatuma malipo ya watu wa Lambwe, na kabla ya adhuhuri simu ikaja kutoka ghalani kwamba wameanza kulipwa.

Mkahawani walimwuliza habari za kompyuta, akasema iko. Walimwuliza hata juu ya mwizi, kwa maana Migori hakufichiki kitu, akasema waulizeni wenye benki. Wakashangaa anaumwa nini. Lakini kila asubuhi, hata pasipo malipo ya kutuma, alikaa mbele ya ile mashine kabla ya kwenda dukani, akaandika neno lake, akazitazama nyota, akafunga.

Asubuhi moja Nasteha alipita na birika, akasimama nyuma yake. Hakuona herufi hata moja. Aliona nyota tu, akazihesabu kwa macho, zikatimia herufi za jina lile. Kisha akaweka birika chini. Akaenda pembeni, akakichukua kile kiti kidogo cha chungwa, akakileta akakiweka karibu na meza ya kompyuta, ubavuni mwa baba wa mtoto.